Kadi Mpya za Michoro: Mchezaji Abadilishe Lini?

Tarehe 6 Januari 2025, katika mji wa Las Vegas nchini Marekani, mkuu wa kampuni ya Nvidia, Bwana Jensen Huang, alisimama mbele ya hadhara akatangaza kadi nne mpya za michoro kwa ajili ya kompyuta za michezo. Miongoni mwao ilikuwamo GeForce RTX 5070, iliyopangiwa bei ya dola 549. Bwana Huang alidai kwamba kadi hiyo ingekuwa na utendaji sawa na ule wa RTX 4090, kadi iliyotoka Oktoba 2022 kwa bei ya dola 1,599. Mshindani mkubwa wa Nvidia, yaani kampuni ya AMD, ilitaja siku hiyohiyo majina ya kadi zake mbili, Radeon RX 9070 na RX 9070 XT, lakini haikutaja bei wala siku ya kuziuza. Bei zilijulikana tarehe 28 Februari, na kadi zenyewe zikaingia madukani tarehe 6 Machi.

Kwa muda wa miezi miwili, basi, mchezaji mwenye fedha mkononi alikaa katika mashaka. Je, anunue kadi ya kizazi kilichopita kabla haijaisha madukani? Angoje ya Nvidia? Au angoje ya AMD, ambayo bei yake haikujulikana? Maswali ya namna hii hujibiwa aghalabu kwa ushabiki, kama watu wanavyobishana juu ya vilabu vya mpira. Lakini kwa hakika swali la kubadilisha kadi ni swali la kipimo, nalo laweza kujibiwa na mwanafunzi yeyote wa sekondari anayejua kugawanya na kuzidisha. Katika makala hii tutatumia pambano la mwaka 2025 kama mfano, kwa kuwa sifa za kadi zake zimekwisha kupimwa na watu wengi wasio na hisa katika kampuni hizo.

KAZI YA KADI YA MICHORO

Picha tuionayo kwenye kioo cha kompyuta imefanywa kwa vitone vidogo viitwavyo pikseli. Kioo cha kawaida kina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kwenda juu, yaani jumla ya pikseli 2,073,600. Katika mchezo picha hiyo haitulii. Huchorwa upya mara nyingi kila sekunde. Ikichorwa mara 60, kompyuta imekwisha kupaka rangi pikseli 124,416,000 katika sekunde moja, na kila moja imehitaji hesabu zake: mwanga unatoka wapi, kitu kipi kiko mbele ya kingine, kivuli kinaangukia wapi. Kioo cha pikseli 3,840 kwa 2,160 huizidisha kazi hiyo mara nne kamili.

Prosesa kuu ya kompyuta haifai kwa kazi ya namna hii peke yake. Tuseme shule ina mwalimu mmoja hodari wa hisabati na wanafunzi elfu sita. Mlinganyo mmoja mgumu mwalimu ataumaliza upesi kuliko mwanafunzi yeyote. Lakini kukiwa na majumlisho rahisi milioni mbili, wala hakuna moja linalotegemea jibu la jingine, wanafunzi watamaliza mwalimu akiwa bado ukurasa wa kwanza. Kadi ya michoro ndiyo hiyo shule ya wanafunzi. RTX 5070 ina vitengo 6,144 vya kukokotolea, ilhali prosesa kuu ya kompyuta ya michezo huwa na viini sita, vinane, au kumi na sita hivi.

TUHESABU MUDA, SI PICHA

Watangazaji hupenda kutaja idadi ya picha kwa sekunde. Idadi hiyo si ya uongo, lakini hupotosha, kwa sababu jicho na mkono wa mchezaji haviishi katika idadi bali katika muda. Picha 30 kwa sekunde maana yake kila picha huchukua milisekunde 33.3. Picha 60 ni milisekunde 16.7. Kutoka 30 hadi 60 mchezaji ameokoa milisekunde 16.7 katika kila picha, na kila mtu huiona tofauti hiyo. Kutoka 120 hadi 240 ameokoa milisekunde 4.2 tu. Katika tangazo yote mawili huandikwa “mara mbili”. Nawasihi walimu wa fizikia wawape wanafunzi zoezi la kuchora grafu ya muda dhidi ya idadi ya picha. Mkunjo wake unaeleza zaidi ya karatasi nyingi za matangazo.

Kuna jambo la pili ambalo husahauliwa. Kadi haifanyi kazi peke yake. Kwa kila picha, prosesa kuu hutangulia kuamua adui yuko wapi, risasi imefika wapi, mlango umefunguka au la. Kisha huikabidhi kadi orodha ya vitu vya kuchorwa. Wakati kadi inachora picha hii, prosesa inaandaa ile inayofuata. Ni kama watu wawili wanaoshughulikia mpunga, mmoja anatwanga na mwingine anapepeta. Mchele hutoka kwa mwendo wa yule aliye mzito zaidi kati yao.

Tuchukue mfano. Prosesa inahitaji milisekunde 12 kwa kila picha, na kadi inahitaji 20. Picha hutoka kila baada ya milisekunde 20, yaani picha 50 kwa sekunde. Sasa mchezaji ananunua kadi yenye nguvu mara mbili, inayohitaji milisekunde 10 tu. Je, atapata picha 100? Hapana. Prosesa ingali inahitaji 12, kwa hiyo atapata picha 83. Na kama prosesa yake ni ya zamani, inayohitaji milisekunde 18, kadi hiyohiyo kwa fedha hizohizo itampa picha 55 au 56 badala ya 50. Katika kompyuta halisi mambo hayapangiki kwa unadhifu huo, kwani kazi ya kila picha hubadilika. Lakini kanuni yenyewe haibadiliki.

DAI LA LAS VEGAS

Turudi kwenye dai kwamba kadi ya dola 549 ingekuwa sawa na ile ya dola 1,599. Bwana Huang mwenyewe alieleza kwamba jambo hilo lisingewezekana bila akili ya kuundwa, na katika maneno hayo ndimo ufunguo ulimokuwa. Kadi za mfululizo wa RTX 50 zinatumia ufundi uitwao DLSS 4. Kwa ufundi huo, kadi huchora picha moja kwa hesabu za kawaida, huchora na ya pili, kisha mtandao wa akili ya kuundwa hukisia picha nyingine hadi tatu za kuwekwa katikati. Katika kila picha nne zinazoonekana, moja imechorwa na tatu zimekisiwa. Kompyuta inayochora picha 30 kwa sekunde yaweza hivyo kuonyesha karibu 120.

Macho huona mwendo laini, na hilo ni faida ya kweli. Lakini mkono haudanganyiki. Mchezaji akibonyeza kitufe cha kuruka, amri yake itaonekana tu katika picha itakayochorwa kwa hesabu, si katika zile za kukisiwa. Zaidi ya hayo, ili picha za katikati zikisiwe, picha ya pili lazima iwe tayari na izuiliwe kwanza, mpaka zile za katikati zionyeshwe. Kwa hiyo ucheleweshaji unaongezeka badala ya kupungua. Mchezo wenye picha 30 za kweli utaonekana kama wa 120, lakini utaitika mkononi kwa uzito wa 30 au zaidi kidogo.

Wapimaji huru walipoipima RTX 5070 mwanzoni mwa Machi 2025 bila picha za kukisiwa, waliikuta ikikaribiana na RTX 4070 Super, kadi ya Januari 2024 iliyotangazwa kwa dola 599. RTX 4090 ilikuwa mbali mbele. Sitasema kwamba dai la Las Vegas lilikuwa uongo. Nasema kwamba lililinganisha vitu viwili visivyopimwa kwa mizani moja, na mwanafunzi akifanya hivyo katika maabara atanyimwa alama. Ufundi wenyewe una manufaa pale ambapo kompyuta tayari inachora picha 60 au zaidi na mwenye nayo ana kioo kinachoweza kuonyesha nyingi kuliko hizo. Kwa mwenye kompyuta dhaifu, yaani yule hasa anayetamani kubadilisha, manufaa yake ni madogo.

WASHINDANI WAWILI, KIWANDA KIMOJA

Wasomaji wengi watashangaa kusikia kwamba chipu za Nvidia na AMD katika pambano hili zilitengenezwa na kampuni moja, TSMC ya Taiwan. Washindani hao huchora ramani tu. Anayezigeuza kuwa silikoni ni mwingine. Jambo hili lina maana kubwa kwa mtu anayejiuliza kama kizazi kijacho kitakuwa na nguvu kubwa kuliko kilichopo.

Nguvu ya kadi mpya hutoka hasa katika njia mbili: ramani bora, au transista ndogo zaidi zinazowezesha nyingi kuingizwa katika eneo lilelile bila kuongeza joto kupita kiasi. Njia ya pili ndiyo yenye kuleta mruko mkubwa. Mwaka 2020 chipu za mfululizo wa RTX 30 zilitengenezwa na Samsung kwa ufundi unaoitwa wa nanometa 8. (Majina hayo ni ya kibiashara, msomaji asidhani kwamba kuna sehemu ya chipu yenye urefu huo hasa.) Mwaka 2022 Nvidia ilihamia kwenye ufundi wa kisasa zaidi wa TSMC, na RTX 4090 ikaipita RTX 3090 kwa zaidi ya nusu katika vioo vya pikseli nyingi, kwa nyongeza ya dola 100 tu. Lakini mfululizo wa RTX 50 ulibaki katika ukoo uleule wa ufundi. Matokeo yake ni kwamba RTX 5080 ya Januari 2025 iliipita RTX 4080 ya mwaka 2022 kwa asilimia 10 hadi 15 hivi tu, picha za kukisiwa zikiwekwa kando.

Kwa hiyo mtu anaposikia kwamba kadi mpya zinakuja, swali la kwanza lisiwe “ni ya kampuni gani?” bali “je, ufundi wa kutengeneza silikoni umebadilika?” Ukiwa haujabadilika, mwenye kadi ya kizazi kimoja nyuma hana sababu kubwa ya kukosa usingizi.

KUMBUKUMBU YA KADI

Hapa ndipo penye mambo ambayo matangazo huyapita haraka, ingawa naona ndiyo yanayoamua umri wa kadi. Kadi ina kumbukumbu yake yenyewe, ambamo hukaa picha za kuta, nguo, majani na nyuso za mchezo. Kumbukumbu hiyo ina sifa mbili zisizopaswa kuchanganywa: ukubwa wake, na wingi wa data unaoweza kupita kwa sekunde.

Sifa ya pili hupatikana kwa kuzidisha upana wa njia kwa mwendo wa kila biti, kisha kugawanya kwa 8 ili kupata baiti. RTX 5070 ina njia ya biti 192, na kila moja hupitisha gigabiti 28 kwa sekunde: 192 × 28 ÷ 8 = gigabaiti 672 kwa sekunde. RX 9070 XT ya AMD hutumia kumbukumbu ya aina ya zamani yenye mwendo wa gigabiti 20, lakini njia yake ni pana zaidi, biti 256: 256 × 20 ÷ 8 = gigabaiti 640. Washindani wamefika karibu mahali pamoja, mmoja kwa barabara nyembamba yenye magari ya kasi, mwingine kwa barabara pana yenye magari ya mwendo wa wastani. Lakini katika ukubwa wamepishana: ya Nvidia ina gigabaiti 12, ya AMD ina 16, kwa tofauti ya bei ya dola 50.

Je, ukubwa una maana gani? Bahati nzuri, mwezi wa Aprili 2025 Nvidia yenyewe ilitupatia jaribio ambalo mwalimu yeyote wa sayansi angelifurahia. Ilitoa RTX 5060 Ti kwa namna mbili, zenye chipu moja na njia moja ya data, ila moja ina kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwa dola 379 na nyingine gigabaiti 16 kwa dola 429. Kila kitu kimewekwa sawa, kigeugeu ni kimoja.

Mchezo unapohitaji gigabaiti 6, kadi hizo mbili hazitofautiani. Unapohitaji 10, ile ndogo haina pa kuziweka, na data iliyozidi lazima iletwe kutoka kumbukumbu ya kompyuta kupitia njia ya ubao mkuu. Kumbukumbu ya kadi yenyewe hupitisha gigabaiti 448 kwa sekunde. Njia ya ubao mkuu, kwa kadi hii, hupitisha kama 32 katika kompyuta mpya kabisa, na kama 8 tu katika kompyuta yenye ubao wa kizazi cha tatu. Yaani njia ya dharura ni nyembamba mara 14 katika hali nzuri, na mara 56 katika hali mbaya. Hapo picha huanza kukwamakwama, ilhali dada yake wa gigabaiti 16 anaendelea kwa utulivu.

Somo kwa mwenye kadi ya zamani ni la moja kwa moja. Kama mchezo unakwama kwa sababu kumbukumbu imejaa, kununua kadi mpya yenye kumbukumbu ileile ni kutupa fedha. Ajaribu kwanza kupunguza ubora wa picha za kuta na nguo katika mipangilio ya mchezo. Mara nyingi hatua moja chini haionekani kwa macho, na kukwama kunakwisha.

JE, INAFAA KUNGOJA?

Kadi kubwa za Nvidia zimetoka kwa utaratibu unaokaribia kutabirika: GTX 1080 Mei 2016, RTX 2080 Septemba 2018, RTX 3080 Septemba 2020, RTX 4090 Oktoba 2022, na RTX 5090 Januari 2025. Vipindi vya katikati ni miezi 28, 24, 25 na 27. Wastani ni miezi 26. Mtu anayefikiria kununua miezi sita baada ya kizazi kutoka, akiamua kungoja kingine, huenda akangoja mwaka mmoja na nusu na zaidi. Aliye katika mwezi wa 23 au 24 ana sababu ya kuvumilia kidogo.

Wengi hungoja wakiamini kwamba bei lazima zitashuka. Mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini si kanuni ya maumbile. RTX 3080 ilitangazwa kwa dola 699, na katika mwaka 2021 iliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo, kwa sababu ya uhaba wa chipu na wachimbaji wa fedha za kidijitali walionunua kadi kwa wingi. Uchimbaji wa sarafu ya Ethereum kwa kadi za michoro ulikoma Septemba 2022. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilipanda tena kwa kasi, safari hii kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu zao kwenye mitambo ya akili ya kuundwa. Hata RX 9070 XT, iliyosifiwa kwa bei yake ya dola 599, iliuzwa kwa bei ya juu zaidi katika maduka mengi kwa miezi kadhaa. Bei ya jukwaani si bei ya dukani.

Maoni yangu ni kwamba kungoja kunafaa tu pale ambapo siku ya kadi mpya imekwisha kutangazwa na haizidi majuma machache. Hapo hata asiyeitaka kadi mpya hufaidika, kwani vipimo vya wapimaji huru huwa vimetoka na kadi za zamani hushuka bei. Kungoja uvumi hakuna mwisho, kwa kuwa kadi mpya haijatoka ila uvumi wa nyingine umekwisha kuanza.

Jambo jingine dogo, ambalo huwagharimu wengi: umeme. RTX 5070 huhitaji wati 250 na RX 9070 XT wati 304, na watengenezaji hupendekeza kompyuta iwe na kifaa cha kugawia umeme cha wati 650 kwa ile ya kwanza na 750 kwa ya pili. Bei ya kifaa hicho ihesabiwe pamoja na bei ya kadi.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini na fedha alizopewa na mjomba wake. Alikuwa na kadi ya mwaka 2020 aliyotaka kuiuza. “Mwalimu,” aliniuliza, “ninunue ya Nvidia au ya AMD?” Nilimwambia alete kompyuta kwanza.

Jaribio tulilolifanya laweza kufanyika katika shule yoyote yenye kompyuta moja ya kuchezea michezo. Tulifungua mchezo aupendao, tukasimama mahali pamoja ndani ya mchezo, tukaandika idadi ya picha: 61 kwa sekunde. Kisha tukapunguza pikseli kutoka 1,920 kwa 1,080 hadi 1,280 kwa 720, bila kugusa mpangilio mwingine. Pikseli zikawa 921,600, yaani chini ya nusu. Kama kadi ndiyo iliyokuwa ikichelewesha, idadi ya picha ingepanda sana, kwani kazi yake ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Tulipata 63. Tulirudia mara tatu, kama ipasavyo, tukapata 62, 63 na 63.

Programu ya kupimia ilionyesha kwamba hata kabla ya kupunguza pikseli, kadi ilikuwa ikifanya kazi kwa asilimia 55 tu ya muda wake. Anayepepeta alikuwa amekaa, anamngoja anayetwanga. Kijana yule alinunua prosesa iliyokwisha kutumika, inayolingana na ubao wake uleule, kwa chini ya robo ya fedha alizokuja nazo. Tulipopima tena mahali palepale, kwa pikseli zake za kawaida, tulipata picha 97.